DNA Haiishi Kwenye Damu Peke Yake

Lugha yetu yenyewe inachangia kosa la kwanza. Tunasema "ndugu wa damu", tunasema "damu nzito kuliko maji", basi mtu akisikia kipimo cha DNA, yaani maagizo ya urithi yaliyomo ndani ya seli, anawaza sindano na kichupa chekundu.

Dhana: DNA inakaa kwenye damu.
Chembe nyekundu, ambazo ndizo nyingi kupita zote katika damu ya binadamu, hazina DNA. Chembe changa huwa na kiini, kile kifuko cha ndani ya seli kinachohifadhi DNA. Ikikaribia kukomaa hukitoa nje, kisha hupoteza hata mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyozalisha nishati), na nafasi kubwa huachiwa himoglobini inayobeba oksijeni. DNA inayosomwa maabara kutoka kwenye tone la damu ni ya chembe nyeupe, zilizo chache mno. (Kwa ndege mambo ni tofauti: chembe nyekundu za kuku zina kiini chake.) Seli nyingine za mwili nazo zina DNA, ndiyo maana kijiti chenye pamba kikisuguliwa ndani ya shavu kinatosha kabisa. Seli zinazong'oka pale zina DNA ileile.

Dhana: Jicho lina DNA ya jicho, ini lina DNA ya ini.
Hapana. Seli ya ini na seli ya ngozi zina kromosomu 46 zilezile, yaani mafungu ya DNA iliyokunjwa, na uzi wake ukinyooshwa hufika kama mita 2. Kinachotofautiana ni jeni (vipande vya DNA vyenye maagizo) zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Yai na mbegu ya kiume ndizo hubeba nusu, kromosomu 23.

Dhana: DNA yote imo ndani ya kiini.
Hili hata vitabu vya shule hulipitia haraka, nami naona ni hasara. Mwaka 1963 wanasayansi Margit Nass na Sylvan Nass walieleza nyuzi za DNA walizoziona ndani ya mitokondria za kiinitete cha kuku. Kwa binadamu, DNA hiyo ni duara dogo lenye jozi 16,569 za herufi (vile vipande vya kemikali vinavyounda uzi wa DNA) na jeni 37, nasi huirithi kwa mama. Kila seli huwa na nakala zake nyingi, mara nyingi mamia au maelfu; kwa hiyo unywele uliokatika bila shina, au mfupa wa kale, huweza kutambulisha ukoo wa upande wa mama hata pale DNA ya kiini ilipokwisha kuharibika. Mimea ina makao ya tatu: kloroplasti, zile zinazoyapa majani rangi ya kijani.

Bakteria nao hawana kiini kabisa, lakini DNA wanayo, kwa kawaida duara moja kubwa ndani ya seli. Wengi wana pia viduara vidogo viitwavyo plasmidi, na kwa njia hiyo bakteria mmoja humpa mwenzake uwezo wa kuhimili dawa. Usugu husambaa hivyo.

Dhana: Chakula cha asili hakina DNA.
Kila tunda, jani na kipande cha nyama ulichowahi kula kilikuwa na DNA, na utumbo huivunjavunja kama unavyovunja protini.