Shiti paili: kabla ya uzito na bei, tazama kufuli

Nikiletewa michoro ya ukuta wa kuzuia udongo uliopangiwa shiti paili, yaani mabamba marefu ya chuma yanayogongwa ardhini yakiwa yameshikana ubavu kwa ubavu, naanza kutafuta kufuli liko wapi. Urefu wa mabamba na uzito wake nitavifikia baadaye. Kufuli ni ule ukingo uliokunjwa ambamo bamba moja la chuma hupenya ndani ya jenzake linapogongwa ardhini, na mahali lilipo katika unene wa ukuta ndipo panapoamua ukuta utabeba nini. Orodha za wauzaji hutanguliza kilo kwa mita ya mraba, na wateja wengi huishia hapo hapo.

Umbo la bamba linaloonekana kwenye saiti nyingi, ukilitazama kutoka juu, ni la U. Asili yake ni kazi ya Tryggve Larssen, mhandisi wa serikali mjini Bremen, Ujerumani, ambako ukuta wa kwanza wa aina hiyo ulijengwa mwaka 1902. Mabamba hupangwa kwa kupishana: moja hutazama udongo, linalofuata hutazama maji. Kwa mpangilio huo, kila kufuli huangukia katikati kabisa ya unene wa ukuta.

Hapo ndipo penye jambo. Lalisha mbao mbili moja juu ya nyingine kisha ukanyage katikati: zitapinda kila moja kivyake, na utaona ncha zake zikiteleza. Zipigilie misumari, zitakuwa boriti moja ngumu. Ukuta unapopindwa na udongo, nguvu ya kutelezesha huwa kubwa zaidi katikati ya unene wake, yaani palepale kwenye kufuli la U. Kufuli likiteleza, kila bamba hupinda peke yake na uwezo ulioandikwa kwenye orodha ya muuzaji haupatikani. Ndiyo maana kanuni za Ulaya, EN 1993-5, zinamtaka mhandisi apunguze uwezo wa U kwa vigezo maalumu, kulingana na aina ya udongo na jinsi makufuli yalivyofungwa. Kwenye mchanga, chembe huingia kwenye kufuli na msuguano husaidia. Kwenye tope laini, au makufuli yakipakwa mafuta ili yashuke kirahisi, usitegemee msaada huo. Agiza mabamba yaje yakiwa jozi, na kufuli la kati limebanwa kiwandani au limechomelewa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ukuta uliotokeza tumbo.

Umbo la Z limelikwepa tatizo hilo kwa kuhamisha makufuli hadi kwenye nyuso za nje za ukuta, ambako nguvu ya kutelezesha karibu haipo. Kwa hiyo kwa kila kilo ya chuma unapata ukinzani mkubwa zaidi wa kupindwa, na kwa ukuta wa kudumu wenye kina mimi huchagua Z bila kusita. Udhaifu wake ni kwamba Z moja ikigongwa peke yake hupenda kujizungusha, hivyo hushushwa kwa jozi na ndani ya fremu ya kuongozea. U naiachia kazi za muda, kama shimo la msingi ambalo mabamba yatang'olewa na kutumika kwingine, kwa kuwa umbo lake linalingana pande zote na huvumilia kurudiwarudiwa.

Yapo pia mabamba bapa, ambayo watu huyadharau kwa kuwa ukiyapinda hayana nguvu yoyote ya maana. Hayakuumbwa kwa kupindwa; kazi yake ni kuvutwa. Yakipangwa duara na kujazwa mchanga, makufuli hushikana kwa mvuto kama pete za pipa. Mwaka 1911, bandarini Havana, wahandisi wa jeshi la Marekani waliizungushia meli ya kivita Maine, iliyozama mwaka 1898, duara 20 za namna hiyo, kila moja ikiwa na kipenyo cha takriban mita 15, kisha wakayapampu nje maji yaliyokuwa ndani hadi meli ikaonekana.

Mabamba yaliyokunjwa chuma kikiwa baridi ni mepesi na kufuli lake limelegea. Yanafaa kwa mitaro na kingo ndogo za mto. Yana kiwango chake, EN 10249, tofauti na EN 10248 cha yale yaliyoviringishwa yakiwa moto, kwa hiyo zabuni ikisema tu "shiti paili", uliza ni kiwango kipi.

Kwa pwani yetu kuna la ziada. Wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar es Salaam na Mombasa huzidi mita 3. Bahari hupwa haraka, lakini maji yaliyoingia nyuma ya ukuta huchelewa kutoka, na kila mita moja ya tofauti husukuma kwa takriban tani moja kwa mita ya mraba. Ukuta uliotulia mchana kutwa huelemewa saa ya maji kupwa. Matundu ya kutolea maji, yenye kichujio cha kuzuia mchanga usitoroke, yanatakiwa yawe kwenye mchoro tangu siku ya kwanza.

Kutu nayo hailingani. EN 1993-5 inakadiria kwamba ndani ya miaka 50 uso wa chuma ulio baharini hupoteza milimita 3.75 kwenye ukanda wa maji kupwa na ule wa marusho ya mawimbi, na 1.75 tu ukiwa umezama daima. Hayo ni makadirio ya bahari za ukanda wa baridi kiasi. Kwa maji yetu ya moto usiyachukue kama yalivyo. Kwa bamba la milimita 10, hesabu hiyo ndiyo umri wa ukuta. Nanga zinazouvuta ukuta nyuma kwenye udongo, na boriti ya mlalo inayozifungia ukutani, zikae mbali na ukanda huo, na unene upimwe papo hapo, maji yakiwa yamepwa kabisa.

Mwisho, matumbawe. Bamba likigonga mwamba wa tumbawe na nyundo ya mtetemo ikaendelea kulazimisha, kufuli huachana chini huku juu mstari ukibaki umenyooka. Bamba likikataa kushuka wakati majirani zake yameshuka, simamisha nyundo, ling'oe, toboa mwamba kwanza, ndipo ulirudishe.