Kwa nini New York unaweza kuja na pesa kesh na bado ukanyimwa nyumba?

Hapa Nairobi ukitaka nyumba Kilimani ama Kileleshwa, mradi M-Pesa inasoma vizuri hakuna mtu atakuuliza wewe ni nani, unalipa rent na deposit, keateka anakupa funguo, na jirani utamjua siku maji yakipotea. Sasa New York kuna majengo ya zamani unakuja na pesa yote mkononi kununua na unaambiwa hapana, na sababu hupewi. 1979 hata Richard Nixon, mtu alikuwa rais wa Marekani jamani, alikataliwa na wenye jengo huko Manhattan, akaishia kununua nyumba ya kivyake East 65th Street.

Shida ni kwamba kwenye majengo hayo huuziwi nyumba. Jengo lote ni la kampuni moja, wewe unanunua hisa za hiyo kampuni, na hisa ndizo zinakupa haki ya kukaa kwa ile flati yako. Kila mwezi kila mtu anatoa mchango, hapo ndipo zinatoka pesa za ushuru wa jengo, mishahara ya wafanyakazi na mkopo kama kampuni ilichukua. Mmoja akiacha kutoa, huwezi kwenda kuambia benki ati ni yule wa ghorofa ya 6 ndiye hajalipa, wengine wote mtaingia mfukoni mjaze hilo pengo. Kama ushawahi kuwa mdhamini wa mtu kwa sacco halafu akazima simu, hapo sihitaji kukueleza zaidi.

Na si hofu ya bure. Miaka ya 1930 uchumi wa Marekani ulipoanguka, majengo mengi ya aina hii yalifilisika vile wenye hisa walishindwa kutoa. Ndiyo maana bodi ya majirani inataka kuona akaunti zako za benki, kodi uliyolipa, barua za watu wanaokujua, halafu wanakuita uketi mbele yao wakuangalie. Sheria inawakataza kukukataa kwa sababu ya rangi ama dini, lakini kama hawalazimiki kusema sababu utajuaje? Mimi naona huo ni mlango wa nyuma mpana sana.

Jengo maarufu kati ya hayo ni Dakota, pale 72nd Street kando ya Central Park, ambapo John Lennon, yule mwanamuziki wa Beatles, alipigwa risasi mlangoni Desemba 1980. Lilifunguliwa 1884, na aliyelijenga ni Edward Clark wa kampuni ya cherehani za Singer, ndio, Singer hizo hizo za fundi wa mtaa na za nyanya yako kule ushago. Mwenyewe alikufa 1882, hakuliona likiisha. Wakati huo watu walikuwa wanapanga tu, hadi 1961 ndipo wapangaji wakageuka kuwa wenye hisa.

Sasa mbona wasiuziane flati moja moja kama watu? Manake sheria ilijua kuuza shamba, haikujua kuuza hewa. Mwenye ploti anaonyesha udongo, wewe wa ghorofa ya 5 utaonyesha nini? New York ilipata sheria ya kumiliki flati moja moja 1964, na majengo mengi ya zamani yakabaki tu na mtindo wa hisa.

Na usicheke, kwetu ilikuwa karibu hivyo hivyo. Sheria ya kugawa jengo kwa hati za kila flati ilitungwa 1987 lakini haikutumika sana, kwa hivyo wengi walionunua flati Nairobi walipewa lisi ndefu, yaani mkataba wa kukodi kwa miaka mingi, pamoja na hisa moja kwa kampuni ya kusimamia jengo, ile ile inakusumbua na sevis chaji kila mwezi. Sheria mpya ya 2020 ndiyo ilikuja kusema watu wabadilishe wapate hati zao kamili. Tofauti ni kwamba huku hakuna bodi ilikuita ikuangalie uso. Kama mzee wako alinunua flati kitambo, fungua ile bahasha ya kaki anaficha kabatini, uangalie kama cheti cha hisa kiko hapo nyuma ya lisi.