Naitrojeni shambani: yasemwayo na yalivyo

Asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni. Mmea unaogelea ndani yake usiku na mchana, na bado unaweza kudumaa kwa kuikosa. Ndiyo maana wanaosema "majani yanaivuta hewani" wamekosea: yanachovuta majani ni kabonidayoksaidi. Atomu mbili za naitrojeni ya hewani zimeshikana kwa vifungo vitatu, na mmea hauna kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia) cha kuzitenganisha. Mlango wake mkuu ni mzizi, na mlango wenyewe ni mwembamba. Kinachopita hapo kwa wingi ni naitreti (naitrojeni iliyoungana na oksijeni) na amoniamu (iliyoungana na haidrojeni) zilizoyeyuka kwenye maji ya udongo.

"Maharage yanajitengenezea naitrojeni, kwa hiyo msimu ujao sihitaji mbolea."

Hapa pana makosa mawili. La kwanza, anayefanya kazi si haragwe bali bakteria aitwaye raizobia, anayeishi kwenye vinundu vya mizizi na kulipwa sukari. Wajerumani Hellriegel na Wilfarth walilionyesha hilo miaka ya 1880, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafanikiwa kumtenga bakteria huyo. Unaweza kujihakikishia mwenyewe. Chimbua mche unaoanza kutoa maua (usiung'oe kwa kuvuta, vinundu vitakatikia ardhini), kisha pasua kinundu kwa ukucha. Ndani pakiwa pa waridi au pekundu, kazi inaendelea. Pakiwa pa kijani au kahawia, imekoma. Wekundu huo unatoka kwenye protini iliyo jamaa ya himoglobini ya damu yetu. Inazuia oksijeni isizagae, maana oksijeni huharibu kimeng'enya cha bakteria.

Kosa la pili ndilo linalogharimu. Mbegu zikijaa, sehemu kubwa ya naitrojeni huhamia humo. Ukivuna mbegu na kuondoa na mabua, shamba linabaki na kidogo sana, na pengine limepungukiwa kuliko ulivyolikuta. Tena udongo ukiwa tayari na naitreti nyingi, mmea hupunguza vinundu. Kwa nini ulipe sukari kwa kitu unachokiokota bure?

"Urea ukiimwaga tu, mzizi unainywa."

Kiasi kidogo huingia kama kilivyo. Iliyobaki lazima ibadilike kwanza: kimeng'enya cha udongoni huigeuza kuwa amoniamu ndani ya siku chache, kisha bakteria huigeuza amoniamu kuwa naitraiti na hatimaye naitreti. Ukiiacha juu ya udongo wenye unyevu na joto, sehemu yake hupaa kama gesi ya amonia, na urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo hasara si ndogo. Kuifukia sentimita chache hupunguza sana hasara hiyo.

Ikishakuwa naitreti, hatari inakuwa ya kuzama chini badala ya kupaa juu. Naitreti ina chaji hasi, udongo wa mfinyanzi nao hivyo hivyo, kwa hiyo vinasukumana na naitreti haishikiki. Mvua kubwa moja inaweza kuishusha mahali mizizi haifiki. Kugawa mbolea ya kukuzia mara mbili kuna mantiki hiyo.

"Naitrojeni ya samadi ni ya asili, ya dukani ni sumu."

Kwenye mlango wa mzizi, naitreti ni naitreti, na mzizi hauulizi ilikotoka. Lakini wanaodai kwamba basi samadi haina maana nao wanazidisha chumvi, maana samadi huachia naitrojeni polepole na huleta kaboni inayolisha viumbe vya udongo na kushika maji.

Kaboni hiyo hiyo ikizidi ni balaa ya muda. Mabua makavu ya mahindi yana kaboni takriban mara 60 ya naitrojeni. Ukiyafukia leo na kupanda kesho, vijidudu vinavyoyaozesha vitajazia upungufu wao kwa kunyang'anya naitrojeni ya udongo, na miche yako itapauka.

"Jani la njano? Ongeza urea."

Tazama kwanza ni jani lipi. Yakianza machanga ya juu, shuku salfa au chuma. Yakiwa njano yote kwenye bonde lililotuama maji, tatizo ni mizizi kukosa hewa. Njaa ya naitrojeni huanzia majani ya chini, yale makongwe. Kwenye mahindi, unjano huanzia nchani na kuteremka katikati ya jani kwa umbo la V.

Sababu ni kwamba mmea unajibomoa. Kila molekuli ya klorofili, rangi ya kijani ya jani, ina atomu nne za naitrojeni zilizoizunguka magneziamu moja, na protini za jani nazo zimejaa naitrojeni. Mzizi ukikosa cha kuleta, mmea huvunja protini hizo pamoja na klorofili kwenye jani kuukuu, na naitrojeni inayopatikana, hasa ile ya protini, hupandishwa kwa jani changa. La juu linabaki kijani kwa mali ya la chini.