Ukiulizwa "jana ulilala wapi", usijibu "kwa ndugu"

Mimi nafanya kazi mapokezi kwenye shirika moja linalohudumia watu wazima wasio na makazi hapa Marekani, na siku nyingi niko kwenye simu na watu wetu, Wakongo ndo wengi, Warundi, Wakenya, Watanzania pia wapo. Naandika hii kwa sababu karibu kila wiki naona mtu anakosa kitanda ambacho angekipata, na kinachomkosesha ni jibu moja tu alilotoa kwa adabu.

Nitoe mfano. Kaka mmoja alipiga simu mwezi wa kwanza, baridi kali. Mkalimani yuko kwenye laini, mfanyakazi anauliza jana ulilala wapi. Kaka anajibu "nililala salama, namshukuru Mungu". Anaulizwa tena, ulilala kwa nani, anasema "kwa ndugu". Mkalimani akatafsiri kwamba alilala kwa kaka yake wa damu, mfanyakazi akaandika kwenye kompyuta: anaishi na familia. Hapo kesi ikaisha, akaambiwa hana sifa ya shelta, yaani malazi ya dharura ya wasio na makazi. Sasa huyo ndugu alikuwa nani? Mtu waliyekutana naye kanisani miezi mitatu nyuma, chumba kimoja, ana mke na watoto wanne, huyu kaka analala kwenye mkeka kati ya kochi na mlango, na alishaambiwa Ijumaa aondoke maana meneja wa nyumba kaanza kuuliza. Yote hayo hakuyasema. Kwetu huwezi kumwambia mtu usiyemjua kwamba mwenyeji wako anakufukuza, ni kumvunjia heshima aliyekusitiri, naelewa kabisa, nami nimelelewa hivohivo.

Lakini huku hilo swali si salamu, ni kipimo. Wizara ya Nyumba ya Marekani, wanaiita HUD, ndiyo inatoa hela nyingi za shelta na programu za nyumba, na imeandika nani anahesabika kuwa hana makazi. Wa kwanza ni yule ambaye usiku uliopita alilala mahali pasipojengwa kwa ajili ya mtu kulala, yaani gari, bustani, stendi ya basi, jengo lililoachwa, hema, au alilala shelta, au hoteli iliyolipwa na serikali au shirika. Ukiwa umejilipia hoteli mwenyewe hauhesabiki hapo, labda kwenye kundi la pili pesa ikikaribia kuisha. Wa pili ni yule anayepoteza mahali anapolala ndani ya siku 14, hana pengine pa kwenda wala uwezo wa kupata pengine. Halafu kuna anayekimbia kupigwa au kutishwa nyumbani, huyo ana mlango wake, nitamfikia. Kulala kwa mtu tu, kwa programu nyingi za HUD, haitoshi. Kwa hiyo tofauti kati ya "nipo kwa ndugu" na "nalala sakafuni kwa mtu ambaye si wa familia yangu, na ameniambia niondoke Ijumaa tarehe fulani" ni tofauti ya kupokelewa na kurudishwa, na yote mawili ni ukweli, ila moja limekatwa nusu.

Siwaambii mdanganye, tuelewane hapo. Ukidanganya utakamatwa na maswali yanayofuata na jina lako litabaki kwenye mfumo. Nawaambia semeni ukweli wote hadi mwisho, hata ule unaotia aibu. Na kama anayekuhifadhi anakubali, mwombe akuandikie barua fupi: jina lako, tangu lini upo kwake, mwisho wa kukaa ni lini, sahihi na namba ya simu. Mistari mitatu inatosha. Wenyeji wengi wanaogopa kuiandika wakidhani watapata shida, au wanaona kama wanakufukuza kwa maandishi, kumbe hapo ndo wanakusaidia.

Pa kuanzia ni simu, piga 211. Ni namba ya tarakimu tatu, ilianza Atlanta mwaka 1997 na sasa inafika karibu nchi nzima, ni bure. Atakayepokea hana vitanda yeye mwenyewe, anachojua ni mlango gani wa kuingilia katika kaunti yako. Kuna miji shelta zote za watu wazima zinapitia laini moja, kuna miji unaenda mwenyewe na kupanga foleni jioni, hamna utaratibu mmoja wa nchi nzima na ndo maana ushauri wa rafiki aliyeko jimbo lingine mara nyingi unapoteza watu. Ukipokelewa tamka "Swahili", ukisema "Kiswahili" kuna wafanyakazi hawaielewi hiyo "Ki" ya mbele. Kama lugha yako ya ndani ni Kirundi au Kinyarwanda taja hiyo. Na mkalimani akiwa anaongea Kiswahili cha Dar na wewe ni wa Lubumbashi au Uvira hamuelewani vizuri, omba abadilishwe, si utovu wa nidhamu. Mtoto wako asitafsiri, wala mtu wa kanisani anayekujua, maana kuna mambo ya afya na ya ndoa hutayasema mbele yake, na hayo ndo yanayotakiwa.

Jambo linalochanganya watu sana ni haki. Wengi wameambiwa Marekani kila mtu ana haki ya kitanda. Hapana. New York ndo mji unaojulikana kwa hilo, na ilitoka mahakamani: mwaka 1979 mwanasheria Robert Hayes alifungua kesi kwa niaba ya wanaume waliokuwa wakilala nje, mmoja wao Robert Callahan, na Agosti 1981 mji ukasaini makubaliano ya kuwapa malazi wanaume wasio na makazi, wanawake wakaingizwa 1983 kwa kesi nyingine. Callahan mwenyewe hakuiona sahihi hiyo, alifia nje mtaani kabla. Huwa namkumbuka nikiona mtu anasubiri. Massachusetts nako kuna sheria ya 1983 lakini iliandikwa kwa ajili ya familia zenye watoto na wajawazito, mtu mzima peke yake hayumo. Sehemu nyingine nyingi ni kitanda kikiwepo unapata, kikikosekana unasubiri. Na Juni 2024 Mahakama Kuu ya nchi, katika kesi ya mji wa Grants Pass kule Oregon, iliamua kwamba mji unaweza kuwaadhibu watu wanaolala kwenye maeneo ya umma hata pale ambapo vitanda vya shelta havitoshi, kwa hiyo kulala bustanini sasa kunaweza kukuletea faini na rekodi. Januari 2024 walipohesabu kwa usiku mmoja walipata watu 771,480 wasio na makazi, namba kubwa kuliko zote hadi hapo tangu waanze kuhesabu. Nasema hivi ili ukiambiwa "leo kumejaa" usidhani umechukiwa. Piga kesho asubuhi, piga na jioni, maana vitanda vinaachiwa pale mtu asiporudi kabla ya saa iliyowekwa. Wakati wa baridi uliza kama kuna kituo cha kujipasha moto cha usiku, hapo hupati kitanda, unapata kiti au godoro na chai, lakini hufi na baridi.

Shelta yenyewe ikoje, niseme bila kupamba. Ni bweni. Vitanda vimepangwa mistari, mwingine anakoroma, mwingine anaongea peke yake, taa zinazimwa saa yao, asubuhi sehemu nyingi mnatolewa nje hadi jioni. Chukua kufuli lako dogo la kabati, ndala za bafuni, dawa zako zikiwa kwenye chupa yenye jina lako, na kama unatumia insulini sema mlangoni kabisa ili iwekwe kwenye friji. Makaratasi yako, kadi ya I-94 (ile ya kuonyesha ulivyoingia nchini), kadi ya Social Security, grini kadi, cheti cha kuzaliwa, yapige picha yote ujitumie kwa imeili leo hii kabla hujaingia popote, nimeona watu wanaanza upya miezi sita kwa sababu ya begi moja lililoibiwa. Kukosa kitambulisho kusikuzuie kupiga simu, sehemu nyingi wanakupokea halafu wanakusaidia kukipata.

Watu wetu wengi wanafanya kazi usiku, machinjioni, kwenye maghala. Shelta inataka uwe ndani saa moja au saa mbili usiku, wewe ndo unaingia kazini. Wengi wanaacha kazi ili wapate kitanda, au wanaacha kitanda na kuendelea kulala kwenye gari. Kabla hujafanya lolote kati ya hayo uliza kama wanatoa ruhusa ya zamu ya usiku, mara nyingi barua ya mwajiri yenye saa zako inatosha. Nakumbuka mzee mmoja alilala kwenye gari lake wiki saba kwenye paking ya kazini, injini anawasha kila saa ili mikono isife ganzi, siku alipotuletea barua ya mwajiri alipata kitanda cha mchana. Wiki saba, na hakuna aliyewahi kumwambia aulize.

Ukishapata pa kulala kazi haijaisha, shelta si pa kukaa. Watakufanyia mahojiano marefu ya kupanga nani apewe nyumba kwanza, na hapa tena adabu yetu inatuponza. Wanauliza una ugonjwa gani, unalala vizuri, umewahi kupigwa, kuna vita ulipitia, na mtu anajibu "niko mzima, hamna shida" huku ana presha, mgongo umevunjika kambini, na usiku anaamka akipiga kelele. Mwenye hali mbaya zaidi ndo anatangulia kwenye foleni, wewe umejiweka mwisho kwa mdomo wako. Sema yote. Mama zetu hasa, mnaficha mno.

Nyumba za mpito ni chumba au apatimenti ya muda, kwa programu za HUD mwisho ni miezi 24, unakuwa na kesi waka, yaani mfanyakazi anayesimamia kesi yako, mnapanga kazi, Kiingereza, akiba, wakati mwingine unachangia kodi, kawaida kama asilimia 30 ya kipato chako. Kwa mtu anayefanya kazi ila kakosa dipoziti na historia ya kodi zinafaa sana. Lakini kuna kitu hawakuelezi mapema. Mtu mwenye ulemavu au ugonjwa wa kudumu aliyekaa nje au shelta miezi 12 mfululizo, au mara nne ndani ya miaka mitatu zikijumlishwa zifike miezi 12, anaingia kundi linaloweza kupewa nyumba ya kudumu yenye huduma. Miezi unayokaa kwenye nyumba ya mpito haiingii kwenye hesabu hiyo, na ukikaa huko siku saba au zaidi mfululizo mpangilio wako unakatika. Kwa hiyo kama unaumwa na umekaa nje muda mrefu, kabla hujasaini kuingia nyumba ya mpito muulize kesi waka hivi: "nikiingia hapa napoteza nafasi ya nyumba ya kudumu?" Kwa mzima mwenye kazi, saini. Kuna pia msaada wa kodi wa muda, unatafutiwa apatimenti ya kawaida wanakulipia miezi kadhaa huku ukijipanga, nao ukiwepo kwenye kaunti yako uombe, mimi binafsi naona kwa watu wetu wengi ndo unaofaa zaidi maana mkataba unakuwa kwa jina lako.

Ukilazwa hospitali ukiwa huna makazi, ukakaa siku 90 au pungufu, bado unahesabika huna makazi, kwa hiyo mwambie mhudumu wa jamii wa hospitali kabla hawajakutoa, usingoje uwe umesimama nje na mfuko wa dawa. Anayekimbia kipigo, mwanamke au mwanaume, apige 1-800-799-7233, ni saa 24, wanatafuta mkalimani, na anwani za hizo nyumba za usalama hazitangazwi. Mwenye miaka 18 hadi 24 aulize shelta ya vijana, kuna utulivu zaidi. Mkimbizi aliyefika chini ya miaka mitano arudi kwenye shirika lililompokea hata kama zile siku 90 za mwanzo za kusaidiwa zimeisha, aulize huduma alizobakiwa nazo. Anayesubiri hifadhi azungumze kwanza na wakili wa msaada wa bure kuhusu programu za serikali, huku akijua kwamba Jeshi la Wokovu, Catholic Charities na makanisa mengi wana milango yao wenyewe.

Na wewe ambaye bado uko ndani umeshabandikiwa notisi ya kuhama mlangoni, usifungashe. Notisi si amri ya mahakama. Karibu majimbo yote mwenye nyumba haruhusiwi kubadilisha kitasa au kukutoa vitu nje bila kupitia kotini, na ukipelekwa kotini nenda, hata kama unadaiwa kweli, maana usipotokea unashindwa siku hiyohiyo na rekodi ya kufukuzwa itakufuata kila utakapoomba apatimenti. 211 hiyohiyo ina orodha ya wanaosaidia kodi na mawakili wa bure.

Yule kaka wa mkeka alipiga tena Jumatano. Safari hii alisema mtu si wa familia, sakafuni, naondoka Ijumaa. Aliwekwa kwenye orodha, Ijumaa usiku alilala ukumbi wa kanisa, Jumapili akaitwa kitanda kimepatikana upande wa pili wa mji, na akaniambia asingeenda kwa sababu hakuwa na nauli na aliona haya kuomba. Wakikupa miadi au kitanda na huna nauli, sema hapohapo kwenye simu kabla hujakata, sehemu nyingi tiketi za basi zipo kwenye droo.