Breka ni nzima, mbona meni swichi imeungua?

Nyumba ikiungua Dar es Salaam, maelezo ya kwanza huwa "shoti ya umeme". Ya pili hayachelewi: breka zilikuwa feki, ndiyo maana hazikukata. Feki zipo, na hazifai kufungwa popote. Lakini moto unaoanzia ndani ya meni swichi yenyewe, lile boksi linalopokea nyaya kutoka kwenye mita ya LUKU na kuugawa umeme vyumbani, mara nyingi huanza bila shoti yoyote, breka halisi zikiwa zimewashwa na hazina kasoro.

Wengi tunaiona breka kama mlinzi wa moto. Kwa kweli breka inapima kitu kimoja tu, mkondo unaopita ndani yake, na inakata ukizidi. Hata hapo haina papara. Kwa kiwango cha kimataifa cha breka za majumbani, breka ya ampea 32 inatakiwa kustahimili ampea 36 kwa saa nzima bila kukata, na mkondo ukifika ampea 46 inaruhusiwa kukata wakati wowote ndani ya saa moja. Shoti ya kweli, inayorusha mkondo hadi mamia ya ampea, ndiyo inayokatwa kufumba na kufumbua. Kifaa kingine, kile kilichoandikwa 30 mA, hukata umeme unapovuja kwenda ardhini, kwa mfano kupitia mwili wa mtu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoundwa kupima joto la skurubu inayobana waya.

Na chanzo kikubwa ni hiyo skurubu. Waya ukikazwa vizuri, shaba inakumbatiwa na chuma cha breka na umeme unapita kwa nafasi. Ukilegea, vinagusana kwenye vinukta vichache tu, na umeme wote unalazimika kupita hapo. Fikiria geti la kivuko cha Magogoni asubuhi, linalohesabu abiria wanaoingia. Mlango wa kuelekea kwenye pantoni ukifunguliwa nusu, watu watabanana na kuumizana pale mlangoni, lakini hesabu ya getini haitaongezeka hata mtu mmoja. Pengine itapungua, kwa kuwa foleni imekwama. Breka ndiyo hilo geti: msongamano uko mbele yake, na hesabu yake inasema kila kitu ni shwari.

Hesabu yenyewe inashangaza. Hita ya kuogea ya kilowati 3 kwenye volti 230 huvuta ampea 13. Zikipita kwenye kiungo kilicholegea chenye ukinzani (kiasi cha kuuzuia umeme kupita) wa omu 0.1, kiungo hicho kinatoa joto la wati 17. Washa na viyoyozi na jiko hadi waya mkuu upitishe ampea 39. Mkondo umeongezeka mara tatu, lakini joto limeongezeka mara tisa, hadi wati 152, kwenye sehemu ya milimita chache. Shaba inatanuka na kusinyaa kila siku, skurubu inazidi kulegea, na kutu ya shaba, ambayo hewa yetu ya chumvi ya pwani huiharakisha, inaongeza ukinzani. Mwishowe kiungo kinaweza kuwa chekundu kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, na taa ya sebuleni bado inawaka.

Kuna wakati breka hukata kweli: skurubu iliyolegea ikiwa ya breka yenyewe, joto lake huweza kuingia ndani na kuikatisha kabla ya wakati. Inasikitisha kwamba dalili hii huzimwa kwa urahisi. Breka inaambiwa "imechoka", inafungwa ya ampea 40, na waya uleule unaachwa.

Uingereza, zilikotoka soketi zetu za pini tatu, kikosi cha zimamoto cha London kiliona moto wa maboksi ya plastiki ukiongezeka. Tangu 1 Januari 2016, kanuni za nyaya za huko zinataka boksi jipya la nyumbani liwe la kitu kisichoungua, kama chuma cha pua au cha kawaida, au liwekwe ndani ya kabati la aina hiyo. Chuma hakizuii skurubu kulegea. Kinaufungia moto ndani, na ndiyo maana matundu ya kuingizia nyaya lazima yazibwe vizuri.

Hata hivyo, chuma kina sharti lake. Katika nyumba inayotegemea ethi rodi yake tu, ile fimbo ya chuma iliyozikwa ardhini, yenye ukinzani wa omu 20, waya wa moto ukichubuka na kugusa boksi utapitisha ampea 11.5 tu. Fyuzi kubwa iliyo kabla ya boksi haitashtuka, na boksi litabaki na umeme likimsubiri wa kuligusa. Kwa hiyo nyaya zinazoingia zinahitaji kinga imara kabla ya kufika kwenye kile kifaa cha kukata umeme unaovuja.

Boksi likinuka plastiki iliyoungua au shombo la samaki, likivuma, likiwa na doa la kahawia kando ya breka, au taa zikififia kila hita inapowashwa, zima vifaa vikubwa na umwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague na kukaza kila skurubu kwa kipimo cha mtengenezaji. Usifungue mwenyewe: hata swichi kuu ya ndani ya boksi ikiwa imezimwa, skurubu zinazopokea nyaya za mita bado zina umeme. Likishatoa moshi, toa watu nje, usimwagie maji, na piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.