Banksia: kichaka kinachofungia mbegu mpaka moto upite

Banksia ni jina la kundi la miti na vichaka, aina 170 hivi, na karibu zote kwao ni Australia. Jina linatokana na Joseph Banks, mtaalamu wa mimea Mwingereza aliyechuma sampuli pwani ya mashariki ya nchi hiyo mwaka 1770 akiwa kwenye safari ya nahodha James Cook. Ukitaka ndugu yake wa karibu nawe, tazama mgrivea kwenye mashamba ya kahawa na chai ya Kenya na Tanzania: ni wa ukoo uleule, nao asili yake ni Australia.

Hapa nachukua aina moja, Banksia ericifolia. Huota New South Wales, jimbo la mashariki mwa Australia, sana kuzunguka jiji la Sydney, kwenye mawe ya mchanga, na huweza kufika mita 6. Majani yake ni membamba mno, hayazidi sentimita 2, yamebanana kwenye tawi. Kile watu wanachokiita ua ni kitu kama gunzi la hindi lililosimama wima, la rangi ya chungwa au nyekundu, lenye mamia ya viua. Kila kiua hutoa kijiti kilichopinda nchani kama ndoana, ndiyo maana gunzi zima huonekana kama brashi ya kuoshea chupa. Huchanua miezi ya baridi ya kule, wakati chakula cha ndege ni haba, na ndege wala mbochi, wanaofanya kazi kama ya chozi wetu, hulijia kwa fujo. Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, nao walikuwa wakiloweka maua ya banksia kwenye maji wapate kinywaji kitamu.

Udongo wake ni mchanga mkavu usio na fosforasi ya kutosha. Kichaka huota vishada vya vijizizi vyembamba karibu na uso wa ardhi, vinavyotoa asidi ya kuchopoa fosforasi kidogo iliyopo. Kimezoea kukwangua kiasi kwamba ukikitilia konzi ya DAP, ile mbolea ya fosforasi inayonenepesha mahindi, unaweza kukiua. Wapenda bustani wengi hujifunza hilo kwa hasara.

Sasa mbegu. Maua yakikauka, kwenye gunzi hubaki vikasha vigumu kama mbao, vimefumba kama chaza. Hukaa hivyo miaka, vingi bila kufunguka. Moto wa nyika ukipita, kichaka chenyewe hufa, hakichipui tena, lakini joto huvifumbua vikasha na mbegu zenye bawa huangukia kwenye majivu, mahali penye mwanga na pasipo washindani. Banksia serrata, jirani yake, ana gome nene na huchipua upya baada ya kuungua. Ericifolia hana bima hiyo: miche yake huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na moto ukirudi mapema, mahali hapo hakibaki hata kikasha kimoja cha kufunguka.