Changamwe ilizima mitambo, uhandisi wa kemikali haukuzimika
Tangu kiwanda cha Changamwe kiache kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, husikika Mombasa kwamba anayesomea uhandisi wa kemikali hana pa kwenda. Si kweli. Mafuta ni tawi moja tu. Fani hii inahusu joto, shinikizo na mtiririko: jinsi ya kugeuza malighafi kuwa bidhaa kwa tani, kwa usalama na bila hasara. Chukua saruji. Mawe ya chokaa na udongo huchomwa kwenye tanuri linalozunguka hadi nyuzi 1,450 hivi za Selsiasi. Joto likipungua klinka, yaani vipande vigumu vinavyosagwa kuwa saruji, haiivi; likizidi makaa yanateketea bure. Sabuni, mafuta ya kupikia, kusafisha maji, kote mhandisi huyu anahitajika. Anayependa vichupa vya maabara tu, huyo akasome kemia.